Malenga na Mwandani Wake: Utunzi Baada ya Msiba Katika Mji wa Kale wa Mombasa

Wimbo wa taarabu wa Mombasa kwa kawaida haukuwa kazi ya mtu mmoja, bali ulizaliwa baina ya malenga, yaani mshairi aliyebobea, na mwimbaji aliyeyatia maneno hayo sauti, na kwa sababu hiyo msiba ulipomwondoa mmoja wao, aliyebaki hakupoteza rafiki tu, alipoteza pia nusu ya ufundi wake.

Mfano ulio wazi ni wa Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji aliyesifika kwa sauti yake na kwa kuazima mahadhi ya filamu za Kihindi, ambaye alikiendesha kinanda cha hamoniamu kwa mkono mmoja wa kuvuta upepo na mwingine wa kubofya, huku tabla ikimfuata. Mengi ya maneno aliyoyaimba yalitoka kwa watunzi wengine, miongoni mwao Ahmad Nassir Juma Bhalo wa ukoo wake mwenyewe, ambaye diwani yake, *Malenga wa Mvita*, ilichapishwa mwaka 1971. Mohamed Khamis aliacha kuimba mwaka 2007, akafariki mwaka 2014. Na mtu anaweza kujiuliza watunzi wake walisikia sauti ya nani vichwani mwao walipoketi tena kutunga.

Kiswahili kina neno mwandani, yaani rafiki wa ndani kabisa, na kina neno mwanandani, yaani ule uwazi wa kaburi anamolazwa maiti, na sikio la mshairi haliwezi kuyapita maneno hayo mawili bila kusita. Desturi nayo haimwachi mfiwa bila njia, kwani ipo mbolezi, wimbo wa kuomboleza, na ipo tanzia, utungo wa kutangaza kifo na kumtaja marehemu kwa sifa zake. Shaaban Robert wa Tanga, kwa mfano, alimtungia mkewe Amina shairi la namna hiyo. Tanzia ndiyo daraja lenyewe, maana huwa haki ya mwisho ya marehemu na, kwa mtunzi aliyenyamaza tangu siku za matanga, kazi ya kwanza ya kurudia kalamu.

Wako wanaosema kwamba majonzi ndiyo yanayomfanya mtu kuwa mshairi, lakini dai hilo ni la kutiliwa shaka, kwa sababu majonzi hayamfundishi mtu kuhesabu mizani. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16, ambazo hukatwa katikati kuwa 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili, kila kipande kikiwa na kina chake, yaani silabi ya mwisho inayofanana na za mishororo mingine. Mfiwa anayehesabu mizani 64 za ubeti mmoja kwa vidole, akatafuta neno la silabi tatu litakaloishia kwa *-ni*, amepata shughuli ambayo huzuni yake inaweza kukaa ndani yake bila kummeza. Na pengine hapo, kuliko katika kile kinachoitwa msukumo wa moyo, ndipo hamu ya kutunga inaporejea.

Jambo la pili linalomrudisha mfiwa kwenye utunzi, baada ya kuhesabu mizani, ni watu. Mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, tangu zamani ni mtu wa kujibizana, na Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga akiwajibu wapinzani na marafiki. Mashairi yake yangalipotea kama wazee wa Mombasa wasingaliyahifadhi vifuani, na kama Mwalimu Sikujua asingaliyaandika kwa herufi za Kiarabu na kumsaidia mmishonari William Taylor kuyaelewa, hata yakachapishwa kuwa diwani mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya kifo cha mwenyewe.

Watunzi wa taarabu nao wanahitaji wahifadhi kama hao. Kaseti za taarabu zilizorekodiwa Mombasa, zikiwemo za Mbwana Radio Service, bado zimo makabatini mwa watu, na aghalabu anayekumbukwa ni mwimbaji peke yake. Aliye nazo na awaulize wazee wake ni nani aliyetunga kila wimbo, kisha aliandike jina hilo juu ya kasha.