Nafsi ya Pili katika Uhakiki wa Filamu: Pauline Kael na "Bonnie and Clyde"

Mhakiki wa filamu mpya hana nafasi aliyo nayo mhakiki wa riwaya kongwe. Yambidi atoe hukumu kabla ya watazamaji wenyewe kung'amua walichokitazama. Kielelezo bora ni filamu ya "Bonnie and Clyde", iliyoongozwa na Arthur Penn. Ilipooneshwa New York mwezi wa Agosti 1967, Bosley Crowther, aliyekuwa mhakiki wa The New York Times tangu 1940, aliishutumu kuwa ni mzaha wa ovyo juu ya mauaji, na shutuma hiyo akairudia. Joseph Morgenstern wa Newsweek naye aliikashifu. Lakini juma lililofuata, baada ya kuitazama tena katikati ya umati ukumbini, alichapisha makala ya pili akikiri kwamba alikosea. Wahakiki wathubutuo kufanya hivyo ni wachache.

Mwezi wa Oktoba, Pauline Kael aliitetea kwa makala marefu katika The New Yorker. Crowther alitaka kujua filamu inafunza nini. Kael alitaka kujua inamtenda nini mtazamaji. Tofauti hii huonekana katika tukio moja. Majambazi watoka benki mbio, kumbe dereva wao ameliegesha gari mahali finyu, nalo limebanwa. Ukumbi wacheka. Mara mtu wa benki aliyewafukuza arukia ubavuni mwa gari, na Clyde ampiga risasi usoni. Kwa Crowther, kuchanganya kicheko na damu namna hiyo kulikuwa upotovu. Kwa Kael, kicheko kinachokatizwa ndicho kiini cha kazi yenyewe. Alisimulia hata habari za mwanamke aliyeketi safu moja naye, ambaye mwanzoni aliwahakikishia wenzake kwa furaha kwamba ile ni komedi, kisha akanyamaza.

Swali la Crowther, hata hivyo, halistahili kubezwa. Jibu lake ndilo lililokuwa la haraka. Mapema mwaka 1968 nafasi yake ilishikwa na Renata Adler.

Ni Adler huyohuyo ambaye mwaka 1980, katika The New York Review of Books, alimshambulia Kael bila huruma. Mojawapo ya mashtaka yake lilikuwa la kisarufi: kwamba Kael, kwa viwakilishi vya nafsi na maswali ya balagha, humlazimisha msomaji akubali hisia zisizo zake. Hapa ndipo mwanaisimu wa Kiswahili anapopata la kusema. Nafsi ya pili ya Kiingereza cha leo haitenganishi umoja na wingi, na mara nyingi humaanisha mtu yeyote. Mfasiri wa Kael hana maficho hayo. Akiandika "unacheka", amemkamata msomaji mmoja ukosi. "Mnacheka", amejitenga na ukumbi mzima. "Mtu hucheka", amerejea kwenye kiti cha Crowther. "Tunacheka" humkiri mhakiki kuwa naye alikuwamo safuni, na kwa tukio la benki ndiyo tafsiri yenye haki zaidi. Lakini atakayeichagua atakuwa amekwisha kumtetea Kael dhidi ya Adler, kwa kiambishi kimoja tu.