Kuziondoa Kazini Seva za Mikutano ya Video

Seva ya mikutano ya video hupokea picha na sauti ya kila mshiriki, kisha huwagawia wengine. Mikutano ikiwa mingi seva moja huelemewa, kwa hiyo huunganishwa kadhaa zifanye kazi kama moja, na mafundi huliita kundi hilo klasta. Baadhi hubeba mikutano yenyewe, nyingine hutunza hifadhidata ya watumiaji na vyumba, na moja hukaa mlangoni ikiwapanga wageni, huyu huku na yule kule. Programu huria za Jitsi na BigBlueButton zinaweza kupangwa hivyo.

Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na korona ilipozuia safari mwaka 2020, mikutano ya video ikawa jambo la kila siku maofisini. Katika eneo kama Changamwe, penye matangi ya mafuta, uwanja wa ndege na yadi za makontena kuanzia Kipevu hadi Miritini, ofisi iliyonunua seva zake wakati huo sasa ina mitambo iliyozeeka, nayo hewa ya chumvi haiionei huruma. Ofisi ikihamia huduma ya kukodi mtandaoni, kabati zima la seva hubaki likila umeme bure. Linapaswa kuondolewa.

Kosa la kwanza la fundi mwenye haraka ni kuchomoa waya. Kazi huanza kwa watu: tarehe ya mwisho hutangazwa mapema, na viungo vya mikutano iliyokwisha kupangwa hubadilishwa. Kisha seva moja ya mikutano huzuiwa kupokea kikao kipya, huku vile vilivyomo vikiachwa viishe vyenyewe. Ikibaki tupu hutolewa rasmi kwenye orodha ya kundi, ndipo huzimwa. Baada ya hapo huja zamu ya inayofuata.

Hifadhidata ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, kwa sababu seva zake huamua kwa wingi wa kura. Zikiwa tatu, mbili lazima zikubaliane kabla ya jambo lolote kuandikwa. Zikiwa tano, tatu. Mtu akizima mbili kati ya tatu bila kuziondoa kwanza kwenye orodha, iliyobaki hukataa kuandika, mithili ya kikao kisichotimiza akidi. Haijaharibika, inawasubiri wenzake wasiorudi. Ndiyo maana hifadhidata hunakiliwa mahali pengine kwanza, nakala ikajaribiwa kama inafunguka, na seva zake zikaachwa ziwe za mwisho kuzimwa. Nakala ambayo haijajaribiwa si ya kutegemewa.

Rekodi za vikao nazo huchambuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hairuhusu taarifa za watu kuwekwa kupita muda unaohitajika, na sura na sauti ya mtu ni taarifa zake. Zinazohitajika huhamishwa, nyingine hufutwa.

Hatua inayosahaulika sana ni kufuta nyayo. Jina la mtandao lililokuwa likielekea kwenye seva huondolewa, vyeti vya usalama hubatilishwa, akaunti na nywila za mitambo hufungwa, na milango iliyofunguliwa kwenye kizuizi cha mtandao ili video ipite huzibwa. Jina likiachwa, na anwani ile ikapewa mteja mwingine, watu wa zamani wataendelea kubisha hodi kwa mgeni wasiyemjua.

Diski hazisafishwi kwa kubofya kitufe cha kufuta tu, kwani data yenyewe hubaki. Diski ya sahani zinazozunguka huandikwa upya yote. Ile isiyo na kitu kinachozunguka huwa na sehemu ambazo uandishi wa kawaida haufiki, hivyo hutumiwa amri ya kujifuta iliyotengenezwa ndani yake, au ufunguo huharibiwa ikiwa data ilifungwa kwa siri tangu mwanzo. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hutaja ngazi tatu: kufuta, kusafisha kabisa na kuharibu. Diski iliyokufa haipokei amri yoyote, kwa hiyo husagwa. Namba ya kila diski huandikwa, pamoja na tarehe na jina la aliyeishughulikia.

Sasa ndipo bisibisi hutoka. Seva nyingi zina nyaya mbili za umeme, na kuchomoa moja hakuizimi. Kabati hushushwa kuanzia juu, seva moja kwa wakati, maana mbili zikivutwa nje pamoja kabati linaweza kumwangukia fundi. Seva kubwa hubebwa na watu wawili.

Betri za akiba zilizoko chini ya kabati hazizimwi na swichi yoyote. Kumi na sita za volti 12 zikiungwa mfululizo hutoa volti 192, hata umeme wa ukutani ukiwa umekatwa. Nyingi zina risasi na asidi, na hapo wenyeji wa upande huu wana la kusimulia. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, sehemu iliyokuwa katika eneo bunge la Changamwe kabla ya Jomvu kumegwa kwa uchaguzi wa 2013, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Watu walipata sumu, wakiwemo watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mwanawe alidhurika, aliongoza kampeni dhidi ya kiwanda hicho. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kwa hiyo betri haiuzwi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu apitaye na mkokoteni, hata akitoa bei nzuri. Hukabidhiwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na stakabadhi yake huwekwa pamoja na orodha ya diski. Uzembe wa betri una gharama: Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi wa Owino Uhuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.