Daftari Lilianzia Makambako

Wajukuu zangu, ule uchaguzi mkuu wa 2015 ulianza miezi minane kabla ya kura ya kwanza kutumbukizwa sandukuni, tena ulianzia kwetu, Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya.

Februari mwaka ule Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilianza kuandikisha upya wapiga kura wa nchi nzima. Haikuanzia Dar es Salaam wala Dodoma. Mashine za BVR, zinazoandikisha wapiga kura kwa picha na alama za vidole, ziliwashwa Makambako, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja kuzindua kazi. Mtu alipigwa picha, akabonyeza vidole kwenye kioo, akatia saini, akapewa kadi. Mashine hutunza alama za vidole ili mtu mmoja asijiandikishe mara mbili. Lakini mfikirieni bibi aliyelima viazi maisha yake yote, vidole vimesuguliwa na mpini wa jembe mpaka alama zimefifia. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwandikishaji mwenye subira, kwa sababu asiyekuwa na jina daftarini hapigi kura, hata awe na busara kiasi gani.

Mashine zilikuwa chache, nchi ni kubwa. Kazi ilichelewa hata kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa 30 Aprili, ikaahirishwa. Daftari la wapiga kura lilipokamilika lilikuwa na majina 23,161,440.

Baada ya daftari inakuja kura yenyewe, na hapa vijana wengi huchanganyikiwa: mkoa wetu wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, hauna uchaguzi wake. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Ninyi mkifika miaka 18 mtapewa karatasi tatu kituoni: ya Rais, ya mbunge wa jimbo, ya diwani wa kata.

Jumapili ya 25 Oktoba vituo vilipofungwa, kura zilihesabiwa palepale, mawakala wa vyama wakitazama, na matokeo yakabandikwa nje ili kila mpita njia asome. Karatasi hiyo ya ukutani naipenda kuliko hotuba zote za kampeni. Kutoka hapo hesabu zilijumlishwa: za udiwani kwenye kata, za ubunge jimboni, za urais zikapelekwa Tume. Makambako alishinda Deo Sanga, Njombe Mjini Edward Mwalongo, wote wa CCM. Tarehe 29 Oktoba Tume ikamtangaza John Magufuli kuwa mshindi wa urais kwa kura 8,882,935. Mpinzani wake, Edward Lowassa, alipata 6,072,848.

Jimbo moja la mkoa wetu, Ludewa, halikuwa na mbunge wa kutangazwa. Siku kumi kabla ya uchaguzi, Deo Filikunjombe, aliyekuwa mbunge wao na mgombea tena, alikufa helikopta ilipoanguka katika Pori la Akiba la Selous. Sheria yetu inasema mgombea ubunge akifariki kabla ya siku ya kura, uchaguzi wa ubunge jimboni humo husimama, upangwe upya. Kura ya Rais haisubiri. Kwa hiyo watu wa Ludewa walipiga kura ya Rais Oktoba wakiwa na msiba mbichi, kisha Desemba wakarudi vituoni kwa ajili ya kiti kile kimoja, wakamchagua Deo Ngalawa.