Uhifadhi na Urejeshaji wa Faharasa na Mionekano katika Hifadhidata ya Taarifa za Afya: Kutoka Kata ya Busi hadi Ngazi ya Taifa

1.0 Utangulizi

Takwimu za afya nchini Tanzania huanzia katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Katika kata kama Busi, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, mhudumu hujumlisha mahudhurio ya mwezi na kuyajaza katika fomu. Hesabu hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo ulioasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kusambazwa nchini mwaka 2013, ambao huhifadhi data katika hifadhidata ya kimahusiano ya PostgreSQL. Makala hii inafafanua jinsi faharasa na mionekano ya hifadhidata hiyo inavyohifadhiwa na kurejeshwa. Hoja yake kuu ni kwamba kurejea kwa data hakuthibitishi kwamba hifadhidata nzima imerejea.

2.0 Dhana za Msingi

Jedwali hubeba data zenyewe. Faharasa ni muundo wa pembeni unaoonyesha mahali rekodi ilipo ili jedwali lisisomwe lote. Faharasa ya kipekee ina jukumu la ziada: huzuia rekodi mbili zenye ufunguo mmoja. Mwonekano ni ulizo lililopewa jina. Hauna data zake, bali husoma majedwali kila unapoitwa. Mwonekano uliohifadhiwa huweka matokeo yake katika diski hadi utakapohuishwa.

3.0 Yanayobebwa na Nakala Rudufu

Nakala ya kimantiki, inayotolewa na programu ya pg_dump, haibebi faharasa yenyewe, bali amri ya kuijenga upya. Vivyo hivyo, mwonekano uliohifadhiwa hubebwa kama ulizo pamoja na amri ya kuuhuisha. Wakati wa kurejesha, majedwali na mionekano ya kawaida hutangulia, data hufuata, kisha faharasa na funguo hujengwa mwishoni, kwa kuwa kujenga faharasa mara moja ni nafuu kuliko kuihuisha kwa kila rekodi inayoingia. Kwa sababu hiyo, ukubwa wa faili la nakala haukadirii muda wa urejeshaji.

Nakala ya kimaumbile hunakili mafaili yote, faharasa zikiwamo. Hurejeshwa kwa haraka, lakini hurithi kasoro zilizomo. Mfano ni toleo la 2.28 la maktaba ya glibc, lililotolewa mwaka 2018, ambalo lilibadili mpangilio wa herufi. Faharasa ya maandishi iliyojengwa chini ya toleo la awali inaweza kushindwa kuipata rekodi iliyomo katika jedwali, hivyo hulazimu kujengwa upya kwa amri ya REINDEX.

4.0 Hatari katika DHIS2

DHIS2 huzalisha majedwali ya uchambuzi kutokana na data ghafi. Kwa kuwa yanaweza kuzalishwa tena, ni kawaida kuyaacha nje ya nakala ili kupunguza ukubwa wake. Hata hivyo, mwonekano unaoyategemea ukibaki ndani ya nakala, amri ya kuuunda hushindwa kwa kukosa jedwali lake. Programu ya psql, isipoelekezwa vinginevyo, huendelea na kazi baada ya kosa, na onyo hupotea kati ya mistari mingi.

Hatari kubwa zaidi ni ufunguo wa jedwali la thamani, unaounganisha kipengele cha data, kipindi, kituo na makundi ya mchanganuo. Iwapo faharasa ya awali ilikuwa na kasoro na rekodi pacha zikapenya, data zote zitaingia, lakini ujenzi wa ufunguo utashindwa. Jedwali litabaki bila kinga, na idadi ya wagonjwa wa malaria wa mwezi mmoja katika kituo kimoja inaweza kuhesabiwa mara mbili, kisha kupotosha makadirio ya dawa.

5.0 Hitimisho

Nakala ithibitishwe kwa kurejeshwa katika seva ya majaribio, kwa maelekezo ya kusimama penye kosa la kwanza. Orodha za pg_indexes, pg_views na pg_matviews zilinganishwe na za hifadhidata asilia, kisha majedwali ya uchambuzi yazalishwe upya. Hatimaye, ripoti ya mwezi ya kituo kimoja ilinganishwe na fomu yake ya karatasi. Hesabu aliyoiandika mhudumu wa Busi ikisomeka vilevile, mara moja tu, katika jumla ya wilaya, hapo ndipo urejeshaji utakapohesabiwa kuwa umekamilika.