Mfa maji hapigi mayowe

Lugha yetu ina methali mbili kuhusu mtu anayezama. Ile inayotajwa kila siku inasema mfa maji haachi kutapatapa. Nyingine haisikiki sana: mfa maji hukamata maji. Kwa sisi tunaofundisha uokoaji, hiyo ya pili ndiyo ingefaa kubandikwa kwenye kila mwalo na kila ufukwe. Ile ya kwanza, mtu akiichukua neno kwa neno, inaponza.

Inaponza kwa sababu tuliokaa nchi kavu tunasubiri vurugu. Tunangoja maji yarushwe, mkono upungwe, ukelele usikike. Ni kweli kwamba mtu aliyechoka majini huweza kuita na kupunga mkono, na huyo bado ana nguvu ya kujisaidia. Anayezama hasa amekwisha kupita hatua hiyo, na wengine, hasa watoto wadogo, hawaipitii kabisa. Miaka ya 1970 Frank Pia, mlinzi wa waogeleaji katika ufukwe wa Orchard Beach, New York, alichambua filamu za watu waliokuwa wakizama kweli. Aliona jambo lilelile likijirudia. Mtu husimama wima ndani ya maji kama anayepanda ngazi isiyokuwepo, kichwa kimelalia kisogo, mdomo unazama na kuibuka. Miguu haipigi. Mikono imetandazwa pembeni, viganja vikikandamiza uso wa maji ili kuinua kinywa. Hapo ndipo utakapoona wahenga walivyokuwa na macho: anakamata maji.

Hapigi kelele kwa sababu sauti hutoka kwa pumzi, na pumzi yenyewe hana. Kinywa kikiibuka, nafasi iliyopo haitoshi hata kuvuta hewa vizuri, sembuse kuita. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha mtu hutoweka. Ndiyo maana mzazi aliyekaa hatua chache tu kutoka kwenye maji huapa kwamba hakusikia kitu. Anasema kweli.

Sasa piga hesabu. Tanzania Bara, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na haina malipo. Tuseme umepiga papo hapo, simu ikapokelewa, gari likatoka kituoni bila kuchelewa na barabara iko wazi. Sekunde 60 zitakuwa zimekwisha kabla dereva hajafika mtaa wa pili. Ubongo uliokosa hewa huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi. Kwa moto, gari la zimamoto linaweza kukuta nusu ya nyumba imesimama. Maji hayabakizi nusu ya mtu.

Wengi husahau sehemu ya pili ya jina la jeshi hilo: na Uokoaji. Askari wake hushuka visimani, hupiga mbizi mitoni na ziwani, na mara nyingi wanachopandisha ni mwili. Kwa hiyo kazi yao kubwa kuhusu maji ni ile wanayoifanya kabla ya king'ora, wakiwa shuleni, sokoni na kwenye mialo, kuwafundisha watu watakaokuwa karibu siku hiyo. Tulilishuhudia hilo Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia uwanja. Watu 43 walikuwa ndani na 19 walipoteza maisha. Waliowahi kufika na mitumbwi yao walikuwa wavuvi. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, baadaye alichukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Somo lenyewe ni fupi na lina mpangilio. Kwanza paza sauti uite watu, na mmoja apige 114. Pili, nyoosha kitu: upondo, kasia, tawi, kitenge kilichosokotwa. Lala kifudifudi ukingoni unaponyoosha, usije ukavutwa. Tatu, kama hafikiki, rusha kitu kinachoelea. Usijitose kama hukufunzwa na huna cha kuelea nacho. Aliyekuwa akikamata maji atakukamata wewe, atakupanda kichwani kama ngazi, na kijiji kitazika wawili. Hana ubaya, ni mwili wake unaotafuta hewa.

Kitu bora cha kurusha kipo jikoni kwako. Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 5 lililokwisha. Tia ndani vikombe viwili vya maji, kwa sababu dumu tupu hupeperushwa na upepo na halifiki mbali. Kaza mfuniko. Funga mpini wake kwa kamba ya mita 10 hadi 15, fundo lisilofunguka, na ncha ya pili ikanyage kwa mguu. Usiizungushe mkononi. Lirushe kwa kulitoa chini, kama mtu anayebembeza ndoo, livuke kichwa cha anayezama, kisha uvute taratibu mpaka kamba imguse. Dumu hilo linaweza kubeba zaidi ya kilo 4 juu ya maji. Kidogo? Mwili ulio ndani ya maji hubebwa na maji yenyewe, na mtu mzima huhitaji kilo chache tu za ziada ili kinywa chake kibaki juu. Kidumu kinachotupwa jalalani kinatosha kumpa mtu pumzi.

Akishatolewa, kosa la kwanza huwa kumwinamisha kichwa chini au kumbinya tumbo ili "atapike maji". Acha. Yanayotoka kwa njia hiyo ni ya tumboni, na akitapika huweza kuyavuta mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, tazama kama anapumua. Kama hapumui, bana pua yake, funika kinywa chake kwa chako, na mpulizie pumzi tano. Halafu bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, mara 30 tena, kwa kasi ya mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika. Endelea hadi apumue au msaada ufike. Aliyezama kilichomwangusha ni kukosa hewa, hivyo pumzi ndiyo dawa yake ya kwanza. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Usidhani habari hii ni ya watu wa ziwani na pwani peke yao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo na kutumbukia, hawezi kujiinua, na kina cha sentimita chache kinamtosha. Basi mwaga ndoo uliyomaliza kuitumia, funika kisima, zungushia uzio shimo lililobaki baada ya kufyatua matofali, maana masika yataligeuza bwawa. Mtoto aliyefika umri wa kwenda shule afundishwe kuogelea. Mvuvi avae jaketi okozi badala ya kulikalia. Na wewe unayevuka bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam au daraja lolote lililofurika, kumbuka kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kwenye sentimita 60, yanaweza kusomba magari mengi.

Ukiwa kando ya maji na watoto, usiwategee sikio. Watazame. Aliyenyamaza ghafla, kichwa kimelala nyuma na nywele zimemfunika macho bila yeye kuziondoa, muulize: "Vipi, uko salama?" Akijibu, hujapoteza kitu. Asipojibu, una nusu dakika.

Leo jioni, kabla hujalitupa dumu, lifunge kamba ulitundike pale watu wa mtaani kwenu wanapochota maji au wanapooga, na uwaambie jirani zako lipo kwa kazi gani. Andika juu yake kwa rangi nyekundu: 114.