Mwili Unajengwa Wakati wa Pumziko

Katika seminari zetu wako vijana wanaosikia haya kupumzika. Asubuhi wanakimbia, saa ya kazi ya mikono wanalima kwa bidii, mangaribi wanacheza mupira mpaka kengele inalia. Hata siku ya Mungu, kisha Misa, utawakuta tena uwanjani. Ukiwauliza sababu, wanajibu: «Tunautia mwili nguvu. Anayeketi ni mvivu.» Bidii yao ni nzuri. Lakini hawajui ginsi mwili unavyopata nguvu, na kwa sababu hiyo wamoja wanapoteza ile nguvu wanayoitafuta.

Mtu akikimbia au akilima, hapati nguvu saa ile, anaitumia. Misuli ya miguu na mikono ina akiba ya sukari, ambayo mwili umeitoa katika bukari, viazi na ndizi. Kazi ndefu inamaliza akiba hiyo. Kuijaza tena kunataka chakula cha kutosha na wakati, mara nyingi karibu saa 24. Tena kazi ngumu inapasua nyuzi za misuli, mapasuko madogo hata jicho haliwezi kuyaona. Ndiyo maumivu tunayoyasikia kesho yake, na pengine zaidi siku ya pili. Tukipumzika, na hasa tukilala usingizi, mwili unatengeneza nyuzi zile na kuzifanya imara kuliko mbele. Basi zoezi linamwita fundi tu. Fundi mwenyewe anashika kazi wakati mtu amelala. Ukimwita kila saa bila kumwachia nafasi ya kupanga matofali, nyumba haisimami.

Mfano mmoja unajulikana sana kati ya wakimbiaji. Emil Zátopek wa Chekoslovakia alikuwa mtu wa mazoezi makali ya kushangaza. Mwaka 1950, mbele ya mashindano ya Ulaya mjini Bruxelles, alikula chakula kibaya, akapelekwa hospitali, akakaa huko karibu majuma mawili. Alitoka siku chache tu mbele ya mashindano. Nani angemtumaini? Naye akashinda mbio ya metri 10.000 na ile ya metri 5.000, akiwaacha wenzake mbali nyuma. Sisemi kwamba ugonjwa ni dawa! Lakini walimu wa mbio walifahamu jambo: kazi aliyoifanya mbele ya ugonjwa haikupotea, ilikuwa inangoja pumziko ili ionekane. Siku hizi wakimbiaji wakubwa wanapunguza mazoezi kwa makusudi juma moja au mawili mbele ya shindano.

Anayetaka kujua kama amepita kipimo ahesabu mapigo ya moyo asubuhi, mbele ya kutoka kitandani. Yakizidi kawaida yake siku kadhaa, usingizi ukiwa mbaya, hamu ya chakula ikipungua, hasira ikija bila sababu, mwili unaomba nafasi. Na kama ana homa, aende kupimwa malaria. Asijaribu kuitoa kwa jasho uwanjani, kama tunavyoona wengine wakifanya.

Lakini mimi naona shida kubwa haiko miguuni, iko moyoni. Wengi wetu tunadhani kuchoka ni alama ya utakatifu. Tumtazame nabii Eliya katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme. Amekimbia, amechoka hata anaomba kufa. Mungu hamkaripii. Anamwacha alale chini ya mti. Malaika anamwamsha ale mkate na kunywa maji. Kisha Eliya analala tena, na malaika anamlisha mara ya pili. Ndipo anatembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Usingizi na mkate vilitangulia safari.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola naye alijifunza jambo hili kwa kuumia. Kule Manresa, mwaka 1522, alifunga na kukesha kwa ukali hata akaharibu afya yake. Kisha, akiwa mkubwa wa shirika, aliwaandikia wanafunzi wake wa Coimbra, mwaka 1547. Wao walikuwa na moto mwingi, naye akawaonya washike kipimo. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakuna atakayemwita mvivu, alifundisha kwamba roho nayo inachoka kama mwili, na kwamba mchezo na maneno ya furaha ni pumziko lake. Anakumbusha habari ya upinde: ukivutwa siku zote bila kulegezwa, unavunjika.

Mtu asichukue maneno haya kwa kukimbia jembe. Pumziko tunalolisema ni la mtu aliyefanya kazi. Wala si lazima kulala mchana kutwa: kutembea polepole na mwenzako, kuimba, kuketi chini ya mwembe na kuzungumza bila haraka, hayo yanatosha. Usiku, kijana anayekua anahitaji usingizi wa saa 8 au zaidi, na anayesoma kwa siri karibu na taa anajiibia mwenyewe.

Kwa makatekista shauri letu ni lingine kidogo. Yule anayepanda kinga kilomita 30 kwenda kufundisha vijijini, na kurudi kulima shamba lake, amekwisha kufanya mazoezi ya siku ile. Akifika nyumbani, mkewe amletee kiti na maji, na watu wenye mashauri wangoje kidogo.