Breki Ikilia, Fungua Tairi Kwanza

Ukipeleka gari linalolia breki gereji, mara nyingi jibu la kwanza ni kwamba pedi zimekwisha. Unalipa, zinafungwa mpya, na baada ya siku chache kelele imerudi palepale. Pedi inaweza kulia ikiwa nzima, na inaweza kuisha kimyakimya.

Pedi ikibana diski inayozunguka, hunata kidogo, huachia, hunata tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Ndivyo uta unavyoliza zeze. Diski ikiitikia mtetemo huo, mtaa mzima utasikia. Chanzo huwa vumbi lililoganda, pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi) zilizokauka grisi, au uso wa pedi ulioungua ukawa mgumu na wa kung'aa. Mlio wa asubuhi baada ya mvua ni kutu nyepesi tu. Kanyaga breki mara chache, utakwisha.

Hapo matengenezo ni ya bei nafuu: kusafisha, kupaka pini grisi inayovumilia joto, kusugua pedi kidogo kwa msasa. Grisi isiguse kabisa uso wa pedi. Anayeipaka pale ili kunyamazisha kelele amekuondolea breki. Vumbi nalo lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa kompresa, kwani pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na madhara yake kwa mapafu yanajulikana.

Mlio mwembamba unaosikika hata kabla hujakanyaga breki ni habari nyingine. Pedi nyingi zina kibati cha chuma kilichowekwa makusudi kiguse diski unene wa pedi unapobaki kama milimita 2 au 3, wakati pedi mpya huwa na 10 hivi au zaidi. Nunua mpya, na zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Ukingoja mpaka usikie mkwaruzo mzito, chuma sasa kinakula chuma, na diski imeingia kwenye bili.

Hata hivyo diski isihukumiwe kwa macho. Nyingi zimeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa. Fundi aisugue kutu, asome namba hiyo, kisha apime mbele yako. Namba hiyo ina maana kubwa. Kusimamisha gari la kilo 1,300 lililokuwa kwenye kilomita 80 kwa saa huzalisha joto la kutosha kuchemsha takriban lita moja ya maji, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye diski. Diski nyembamba ina chuma kidogo cha kulipokea. Shuka nayo mteremko mkali kama wa mlima Kitonga ukiwa umejaza abiria na mizigo: pedi zinapoteza nguvu ya kushika, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na pedali inazama hadi chini.

Kuchonga diski kwa kawaida ni rahisi kuliko kununua, lakini kila mchongo unapunguza unene. Kama itashuka chini ya namba ile, usikubali, hata ukibembelezwa kwa bei.

Kazi ikiisha, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni zilisukumwa ndani wakati wa kufunga pedi, na mkanyago wa kwanza unaweza usishike kitu.